Ngozi ya Sofi

Mambo yale yote yalitugharimu mbuzi mmoja, kiti cha mama yangu katika kwaya, na amani ya meza yetu, ambayo hadi leo haijarudi. Mbuzi aliitwa Sofi, mweusi tii, mwenye doa moja jeupe la duara ubavuni. Kiti kilikuwa cha uprezidenti wa kwaya ya parokia yetu kule Katuba. Na aliyevisababisha vyote ni Mwingereza mwenye upara aliyejiita Reji, aliyesema kwamba huko kwao alikuwa mpiga ngoma wa bendi ya roki. Nasema “aliyesema” kwa makusudi. Nyumbani kwetu neno hilo halikukosekana kila jina lake lilipotajwa.

Aliingia kwa barabara ya Kasumbalesa, itokayo mpakani, mvua zilipokuwa zinaisha, gari lake likafa gia mbele ya lango letu, akapanga chumba chetu cha uani akingoja kipuri. Baba alikuwa wakala wa forodha hukohuko mpakani, na mtu wa forodha hasalimii mzigo, anaufungua. Garini mlikuwa na ngoma tano za kizungu, zenye fremu za chuma na nyuso nyeupe za plastiki. Baba alizigonga moja moja, akaweka sikio, akagonga tena. Ndani ya ile kubwa kuliko zote alikuta mto wa kulalia.

“Muzungu anaweka muto mu ngoma juu ya nini?” aliuliza, akitaka sababu.

Reji alieleza, kwa Kifaransa cha kubahatisha, kwamba mto unapunguza mlio.

“Mmesikia?” Baba alitugeukia. “Mupiga ngoma mwenye hapendi ngoma isikike!” Alifumua mshono wa ule mto, akapekua sponji akitafuta dola au madini, hakupata kitu, akaushona tena kwa mkono wake. Kutopata kitu kulimtia shaka zaidi.

Jioni, Reji alikaa kizingitini akitusimulia maisha yake huku vijiti vyake vikigonga ukingo wa ndoo. Alianza utotoni na sufuria za mama yake. Akaingia bendi, wakalala ndani ya basi wakizunguka mji hadi mji, masikio yakaanza kupiga filimbi yenyewe. Kisha mwimbaji na mpiga gitaa wakagombana, bendi ikafa, naye akawa fundi bomba. Ushahidi wake ulikuwa picha moja: mbele wanaume watatu wenye nywele ndefu, na nyuma, kwenye kivuli cha toazi kubwa la shaba, mkono ulioshika kijiti. “Mukono,” alisema Baba, akimrudishia. “Hata miye niko na mukono.” Nami nilikuwa upande wa Baba. Ukitaka kudanganya kwamba ulikuwa katika bendi maarufu, dai kwamba ulipiga ngoma, maana uso wa mpiga ngoma hakuna anayeukumbuka.

Mama peke yake ndiye aliyeamini. Parokia ilikuwa inajiandaa kwa yubile, naye akamwalika Reji apige pamoja na kwaya. Katika kwaya yetu, anayemleta mgeni humjibia: mgeni akiharibu, aliyemleta ndiye anayeondoka kwenye kiti chake. Mama alisimama mbele ya wenzake akasema, “Huyu ni muntu wa kweli. Nitamujibia miye.” Mama mmoja wa safu ya nyuma akacheka: “Haya, Mama Prezidenti. Shikilia kiti chako muzuri!”

Siku ya mazoezi, Papa Muteba, aliyetengeneza na kupiga ngoma zote za kwaya, aliwahi kufika. Ngoma ya ngozi haitoi sauti ikiwa baridi, lazima ipashwe moto, na adabu yake ilikuwa kuanza na ngoma za mgeni. Aliwasha mbabula, jiko letu la makaa, nyuma ya kanisa, akainamisha ngoma ya Reji juu yake kwa upendo, kama anayembeleza mtoto. Harufu ya plastiki inayoungua ilitufikia kabla ya kelele zake. Tulipofika, uso wa ngoma ulikuwa umejikunja kama karanga. “Ilikuwa baridi, mama,” Papa Muteba aliniambia mimi, ingawa nilikuwa msichana tu, kwa kuwa hakuthubutu kumwambia Mama. “Nilipashia moto tu.” Na Baba akaninong’oneza, “Unaona? Sasa amepata sababu ya kukosa kupiga.”

Mama alimtazama Baba, akawatazama kina mama wa safu ya nyuma, akaenda nyumbani, akamfungua Sofi na kumtoa achinjwe. Alikuwa amemfuga kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Papa Muteba aliikwangua ngozi, akaiwamba kwenye ile fremu ya kizungu, akaacha pembeni utepe wa manyoya, alama yake kwenye kila ngoma, na ndani ya utepe huo likabaki lile doa jeupe.

Kwenye yubile Reji aliipasha moto mwenyewe, akapiga. Alipiga kidogo sana, chini kabisa ya sauti za kwaya. Maandamano ya matoleo yalikuwa marefu na hakuna aliyekosea hatua, lakini Baba alisema hakusikia kitu, na nusu ya parokia ikasema kama Baba. Kipuri kilipofika, Reji aliondoka na ngozi ya Sofi, akiahidi kuiletea kwaya ngoma mpya. Hazikuja. Kwa ile sheria ya kumjibia mgeni, Mama alihamia safu ya tatu, na bado anaimba humo.

Zamani tulishuku kwa sababu hatukuona. Wiki iliyopita, kibandani kwangu ninakouza simu, niliona video ya wazee wanne Waingereza jukwaani. Toazi limeficha uso wa mpiga ngoma. Lakini kushoto kwake ipo ngoma yenye utepe wa manyoya meusi, na doa jeupe. Nilisimamisha video, nikatazama, nikarudisha, nikatazama tena. Jioni niliipeleka nyumbani, na Mama aliligusa lile doa kwa kidole. “Njo Sofi huyu, njo yeye kabisa,” alisema. Baba hakuinuka hata kitini: “Siku hizi banatengeneza mavideo na mashini.”

Chini ya video kuna pa kuandika. Nimekwisha piga hesabu yangu: Sofi, watoto ambao angezaa, na watoto wa watoto wake. Mama ameifuta yote. Anataka barua moja ya Reji, isomwe mbele ya kwaya, iseme kwamba alikuwa mpiga ngoma kweli. Maisha yangu yote nimewashusha bei wengine, na sijawahi kuona mdai anayejishusha mwenyewe kiasi hicho. Nishaurini, ninyi mnaojua kudai: niombe barua tu, au nianzie kwa mbuzi?