Maganga hakutuuza: yaliyotokea kwenye majani ya barabarani siku ya msiba wa Mzee Kondo, Temeke

Hapana. Maganga hakumwita Bwana. Nyie mnaoendelea kusema Mnyamwezi yule aliwauza wafiwa, hamkuwepo. Mie nilikuwepo, nimekaa mkeka wa mbele kabisa, na huyo mnayemtukana ni mtu wangu.

Salaam wakuu. Wakubwa zangu, shikamooni. Nimeanza kwa hasira, nivumilieni. Nasimulia nilichokiona, sipambi.

Kwa wasioijua mitaa yetu ya kota: kuna nyumba, halafu njia ya miguu, halafu kipande cha majani, ndo barabara. Kile kipande si cha mtu. Serikali ilipanda ukoka pale, marufuku kukaa, kuanika nguo wala kufunga mbuzi.

Mlinzi wake alikuwa Maganga. Ndo anayefyeka, ndo anayemwagilia. Sharti lake lilikuwa moja: Bwana mkaguzi, Mzungu, akikuta watu wamekaa kwenye majani, Maganga kazi hana. Na chumba alicholala kilikuwa cha kazi. Na mkewe ndo kwanza kashuka treni kutoka Tabora, mjamzito.

Sasa rafiki yangu Mwinshehe akafiwa na baba yake, Mzee Kondo, Mzaramo wa hapa hapa.

Msibani wanaume tunakaa nje, mnajua. Mikeka ikaanzia mlangoni, ikavuka njia ya miguu, ikaishia kwenye ukoka. Hakuna aliyepanga. Watu walikuwa wanakuja tu, na sehemu hakuna.

Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Kwa hiyo Maganga alifika mapema, kama inavyompasa mtani. Akaingia ndani, akatoka kavaa koti la marehemu. Anakohoa kama marehemu, anachechemea kama marehemu.

"Kahawa yangu iko wapi? Nimekufa tu, sijafunga!"

Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Mwinshehe mwenyewe alicheka, mara ya kwanza tangu alfajiri.

Halafu nikamwona Maganga kaganda, anaangalia mikeka. Nadhani ndo alikumbuka kuwa ni siku ya Bwana kupita.

"Jamani, tokeni kwenye majani."

Kicheko.

"Wazaramo, inukeni! Bwana anapita leo!"

"Marehemu kafufuka, anakagua shamba lake!" akadakia mmoja.

Bi Mwanaidi, shangazi yake Mwinshehe, akatoka na unga kiganjani, akampaka uso mzima. "Maiti gani ina maneno hivi? Rudi ndani ukaoshwe!"

"Dada, nasema kweli. Haki ya Mungu."

"Tangu lini Mnyamwezi akawa na kweli?"

Ishu yenyewe ndo hiyo wakuu. Siku ya msiba, neno la mtani halishikiki. Akiapa, ndo mnazidi kucheka. Akikuvuta mkono uinuke, unajilegeza kama gunia. Maganga akajaribu kukunja mkeka, vijana wakamviringisha yeye humo humo ndani.

Kukasirika nako hakuwezi. Mtani akikasirika msibani, kauvunja utani na kawaharibia wafiwa siku yao.

Basi gari likasimama.

Akashuka Bwana, na karani wake nyuma. Maganga ndo kwanza anajinasua mkekani, uso mweupe kwa unga, koti la maiti mwilini. Bwana akauliza, karani akageuza Kiswahili: nani kawaruhusu hawa kukaa hapa?

Hapa someni taratibu.

Angeweza kusema, "Nimewakataza, wamekaidi." Ingekuwa kweli tupu. Bwana angetutawanya, maiti iko ndani inangoja sala ya alasiri, na yeye kazi yake ingebaki.

Alisema hivi: "Mimi. Huyu marehemu ni mtani wangu, na msiba unasimamiwa na mtani. Wageni nimewakalisha mimi."

Karani akamwangalia kidogo, kisha akatafsiri.

Bwana akadai kofia ya kazi na fyekeo. Maganga akavitoa. Kuna mtu huko nyuma akacheka, akidhani mchezo unaendelea. Gari lilipoondoka na kofia, kicheko kikakatika chenyewe.

Maganga akajifuta unga, akauliza kama jeneza limeshaletwa kutoka msikitini. Alibeba mguu wa mbele mpaka makaburini.

Kesho yake wakamtoa chumbani. Mwinshehe akaenda kuomba radhi, mie nikamsindikiza.

"Radhi ya nini? Mtani haombwi radhi, mbwa we. Ukiniomba radhi umenigeuza mgeni."

Mwinshehe akamwambia chumba cha baba kipo, njooni mkae.

"Nikae nyumba moja na Wazaramo? Si bora Pugu na nyani!"

Alisema anatabasamu. Mkewe, aliyekaa juu ya mzigo, hakutabasamu.

Wapo Pugu mpaka leo, wanachoma mkaa. Ukoka kapewa mwingine, na umeanza kukauka.

Mie nilichojifunza ni hiki: mtani akirudia neno lile lile na sauti imemshuka, acha kucheka, geuza shingo uangalie barabarani.

Mwenye lake aseme, hata matusi nitasoma. Ila wewe unayemwita msaliti, nijibu hili kwanza, bila kona kona: angekwambia wewe siku ile, ungeinuka?