Mbuzi wa Idi Niliyemchinja Mapema

Hili jambo naona aibu kulisimulia, lakini kwa kuwa kijiji chetu cha Gendabi kizima wanalijua, bora mlisikie kwangu mwenyewe.

Jirani yangu Sista Zuhura ni nesi wa zahanati, ametokea Tanga. Siku moja kabla ya Idi ya kuchinja alinunua beberu mnadani, na kwa kuwa nyumba yake haina banda akaniomba nimlazie kwangu. Asubuhi wenzetu wakaenda kuswali, mimi nikabaki namtazama yule beberu, nikajiambia huyu dada mgeni atahangaika bure, ngoja nimsaidie (mimi Mkristo, lakini habari za Ibrahimu nazijua tangu utotoni, nikajiona mtaalamu). Nikachinja, nikachuna, nikaosha nyama ikatakata, nikavaa koti langu la kuendea harusi za watu, nikabeba beseni.

Nafika, wageni wamejaa uani, visu vimeshanolewa. Nikatangaza, "Idi njema jamani, kazi nimeshawamalizia."

Mzee Shabani, aliyewaswalisha, akachungulia beseni.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Mwanangu, mnyama wa Idi huchinjwa baada ya swala, na huchinjwa na Mwislamu kwa jina la Mungu. Hiyo uliyoleta ni nyama tu."

Sista Zuhura akakaa juu ya ndoo, machozi yanamlengalenga. Kuna bibi wawili wasiojiweza alishawaahidi fungu lao.

Nikakimbia nyumbani, nikarudi na mbuzi wangu. Mzee akamtembeza kidogo. "Anachechemea huyu. Wa Idi lazima awe mzima."

Nikarudi tena, safari hii nikamchukua beberu wangu wa mbegu, naye akagoma kutembea, nikambeba mabegani na koti langu hilohilo, akanikojolea mpaka kwenye soksi, na njia nzima watu wanaacha majembe wananiuliza kulikoni.

Nilivyoingia uani hivyo, wa kwanza kucheka alikuwa Sista Zuhura mwenyewe. Mzee akachinja. Nyama ikagawanywa mafungu matatu: la nyumbani, la ndugu na majirani, na la wasio nacho. Sista akanifungia langu kwenye mfuko.

"Chukua, Baba Paulina. Jirani huwa analetewa, hajichinjii."

Mke wangu bado ananinunia kwa sababu ya yule beberu. Mimi nimeshaapa: kwenye sikukuu ya mwenzangu nauliza kwanza, hata kama ni kufagia uwanja tu.