Ngazi Saba za Machungwa

Mimi ni Mwanamkuu binti Uwesu, mzaliwa wa Gerezani. Machungwa nimeuza miaka thelathini na mmoja, mtaa wa Msimbazi, hatua chache tu kutoka sokoni Kariakoo. Shule sikwenda. Baba alinipeleka chuoni nikasoma Kurani, akasema mtoto wa kike yamtosha hayo. Kalamu nimeishika nina miaka arobaini na sita, na hata leo mwandiko wangu unapanda na kushuka kama mtu mlevi. Lakini namba! Namba hazijapata kunisumbua, na anayebisha aje.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne. Serikali imesema kila mtu mzima asome, nasi wa mtaa wetu tukapewa darasa kwenye ofisi ya tawi la chama, kila siku baada ya alasiri. Mwalimu wetu alikuwa kijana wa Songea, jina lake Pius, mpole sana, na alikuwa na kawaida yake: kila Ijumaa anaandika ubaoni fumbo la namba. Namba zinafuatana kwa mpango fulani, wewe utafute inayokuja. Mbili, nne, nane, kumi na sita, kisha? Wenzangu wanakuna vichwa, mimi nimeshasema. Likiwa gumu ndiyo nalipenda. Nalichukua naenda nalo nyumbani, naosha vyombo nalo, nachambua mchele nalo, mpaka lifunguke.

Mtu wa kunikaribia alikuwa mmoja tu, Augustino, mpakizi wa ghala la korosho. Huyu kwao Masasi alifika darasa la pili kabla ya kuacha, kwa hiyo anaandika vizuri, na anajua kwamba anaandika vizuri.

Mwezi wa saba likaja tangazo: mashindano ya mafumbo ya namba, madarasa yote ya watu wazima ya Ilala, kila darasa lipeleke mtu mmoja. Nafasi ile niliitaka, sikuficha. Niliitaka kuliko nilivyokuwa naitaka Idi nikiwa mdogo.

Ijumaa ya kuchagua, mwalimu akatuita mbele mimi na Augustino, akaandika: moja, tano, kumi na nne, thelathini. Namba ya saba ni ngapi?

Nikacheka. Si machungwa yangu hayo! Weka chungwa moja juu ya manne, ni matano. Chini yake weka tisa, kumi na nne. Chini tena weka kumi na sita, thelathini. Kila ngazi ina pande sawa, tatu kwa tatu, nne kwa nne. Na fungu la ngazi saba ndilo ninalolipanga mbele ya meza kila Jumamosi asubuhi, wateja walione kutoka mbali. Hata kuhesabu sikuhesabu. Nikaandika 141, nikaweka kalamu chini.

Augustino alijaza ukurasa mzima, akatoka na 139.

"Wote mmekosa," mwalimu akasema. "Ni mia na arobaini. Ila Augustino ameonyesha njia yake, na njia ni nzuri. Mama Mwanamkuu, wewe hukuonyesha kitu. Atakwenda Augustino."

"Mimi sijakosa."

"Mama, jibu ni mia na arobaini."

"Mia na arobaini na moja. Fungu hilo nalipanga tangu wewe unatambaa."

Augustino akaingilia: "Mama, hapa darasani, siyo sokoni. Hesabu haiongezwi kwa maneno." Darasa zima likacheka.

"Basi kesho njooni huko huko sokoni," nikasema, "tuone kama hesabu inaogopa harufu ya machungwa."

Wakaja, na nusu ya darasa nyuma yao. Kuruthumu, jirani yangu wa meza, muuza nyanya, akapaza sauti: "Leo Mwanamkuu kapata wakaguzi! Mwalimu, ukimaliza hapo njoo na kwangu, kuna nyanya hapa zimefeli!"

Nikapanga, Augustino akahesabu kwa sauti. Arobaini na tisa chini. Themanini na tano. Mia na kumi. Mia na ishirini na sita. Mia na thelathini na tano. Mia na thelathini na tisa. Nikaweka la juu.

"Mia na arobaini," akasema.

Mkono wangu ukaingia wenyewe kwenye gunia, ukatoa moja tena, ukaliweka pembeni mwa fungu.

"Na moja," nikasema.

Mwalimu akauliza kwa upole, "Na hilo la pembeni la nini, mama?"

"La nyongeza, la mteja wa kwanza, kila Jumamosi nalitoa pamoja na fungu..." Nikalitazama lile chungwa.

Kuruthumu alicheka mpaka akakaa chini. "Jamani, Mwanamkuu kaipa serikali nyongeza!"

Neno "nimekosa" si langu. Marehemu mume wangu ameondoka hajalisikia. Lakini chungwa lilikuwa pale, kila mtu analiona.

"Fumbo halina mteja," nikasema. "Ni mia na arobaini. Nimekosa kwa moja. Na huyu naye kakosa kwa moja, kasahau la juu. Sasa mwalimu, nani kakosa zaidi?"

Mwalimu akasema, "Haya, hapa hapa, jingine. Moja, nne, kumi, ishirini. Ya saba?"

Augustino akachana karatasi ya mfuko wa saruji, akaanza kuandika. Mimi nikatazama machungwa yangu, hayakunisaidia. Haya hayakai hivyo. Nikatazama meza ya Kuruthumu. Fungu lake dogo: nyanya tatu chini, moja juu. Nne! Ni ya pembe tatu. Ngazi ya tatu ni sita, ya nne kumi. Kutoka tatu kwenda sita nimeongeza tatu, kwenda kumi nimeongeza nne. Basi naongeza tano, sita, saba: ngazi kumi na tano, ishirini na moja, ishirini na nane. Nikajumlisha taratibu, nikarudia.

"Themanini na nne. Na safari hii nimehesabu."

"Umepataje?"

Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, nyanya kwa nyanya. Mwalimu akamgeukia Augustino.

"Mwandike yeye," Augustino akasema. "Mimi ndiyo kwanza niko hamsini na sita."

Mwalimu akatoa fomu mfukoni, akaiweka juu ya meza ya machungwa, akaandika jina langu.

Kwenye mashindano tulikuwa watu kumi na mmoja. Nikawa wa pili. Wa kwanza alikuwa Sabaha, msuka mikeka wa Buguruni, na simwonei kijicho, yule namba ziko vidoleni mwake. Wanaume walikuwa saba. Wote walikuwa nyuma yetu.