Mama Plau Atafuta Duka la Trekta

Walimwita Mama Plau kwa sababu tangu mumewe afariki, ndiye aliyewalimia majirani mashamba yao kwa trekta. Trekta lenyewe lilikuwa limemzeesha. Aliyemuuzia, mtu wa maneno matamu, siku ya mauzo alimwita dada. Klachi ilipokufa katikati ya msimu, simu yake ikawa haipokelewi, na alipomfuata dukani akaambiwa bosi kasafiri. Mvua ikapita. Mama Plau akabaki kupita nyumba kwa nyumba akiomba radhi kwa mashamba ambayo hakuyalima, na hilo lilimchosha kuliko kulima kwenyewe.

Safari hii injini ilipogoma kabisa, hakutaka hata kusikia neno trekta. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ndiye aliyemvuta mjini. Duka la kwanza lilikuwa na vioo, feni na viti vya kuzama. Shemeji akapanda trekta jekundu, akashika usukani, akawa haambiliki. Mama Plau aliuliza gereji iko wapi. Muuzaji akamtoa hofu: trekta jipya haliharibiki. Basi Mama Plau akachukua mkoba wake.

"Shemeji, hata soda walizotupa hatujamaliza," yule mdogo wa marehemu akalalamika.

"Wewe maliza. Nakusubiri nje."

Duka la pili lilikuwa nyuma ya kiwanda cha mbao, bati limeshika kutu. Getini kulikuwa na mkulima aliyeleta trekta lake kumwaga oili. Mama Plau akamuuliza kuhusu wenye duka. Akajibiwa kwamba hawajui kubembeleza mteja, lakini ukiwaita wanakuja.

Ndani, mwenye duka, mama wa makamo aliyepandisha miwani kichwani, alianza kwa kumuuliza udongo wake ukoje. Aliposikia ni wa mfinyanzi, akampitisha mbali na matrekta makubwa hadi kwenye moja lililotumika.

"Hili litakufaa. Ila nikwambie mapema, pampu yake ya dizeli ina usumbufu."

"Ikinisumbua?"

"Unanipigia mimi."

Mama Plau akaomba muda wa kufikiri. Kesho yake alfajiri akaipiga namba aliyopewa dukani. Ikapokelewa. Akauliza kama wameamka salama, akakata. Siku hiyohiyo akarudi kununua.

Pampu ilisumbua kweli, tena shamba likiwa limelimwa nusu na mawingu yametanda. Mama Plau alipopiga simu, fundi wa duka alifika kabla jua halijapinda, akafungua, akatikisa kichwa. Kipuri hakuwa nacho, angerudi kesho. Hiyo kesho Mama Plau alikuwa ameisikia maisha yake yote. Alirudi nyumbani, akajilaza na viatu miguuni, akiyapanga maneno makali atakayokwenda kumwaga dukani.

Asubuhi alipofika shambani alikuta pikapu imeegeshwa kando ya matuta. Fundi alikuwa chini ya trekta, na mwenye duka mwenyewe anamshikia spana, matope hadi magotini. Injini ilipowaka, Mama Plau aliketi chini palepale. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kanga.

"Kuna tatizo jingine?" yule mama akauliza.

"Hakuna. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, sasa sijui nifanye nini."

Mwenye duka alicheka kidogo, naye akaonekana hoi. Akaketi kando yake, wakamtazama fundi akikusanya vifaa. Kisha Mama Plau akainuka, akapanda trekta, akaanza kulima nusu iliyobaki.