Mshumaa wa Shangazi Kwenye Kundi

Nauza viatu vya mitumba pale Kadutu, na viatu vimenizoesha kuhesabu mara mbili. Kwanza unahesabu viatu, halafu unahesabu jozi. Hesabu hizo mbili zisipopatana, kuna mtu amekufanya mjinga. Ndiyo sababu prezida wa kundi letu alinichagua mimi kwa kazi ile.

Kundi lenyewe liko kwenye simu. Ni la watu waliotoka kilima kimoja huko Walungu wakatawanyika: Bagira, Ibanda, Kamanyola, wengine Ubelgiji. Prezida anafanya kazi ofisini Ibanda na ana sauti ya mtu ambaye kiti chake kinazunguka. Siku hiyo alituma ujumbe mrefu wa sauti akilalamika kwamba miradi yetu haifiki mwisho, kisha akamaliza: "Papa wa viatu atatufanyia rapport. Atuambie mradi gani ulifaulu, na ulifaulu juu ya nini."

Nilianza na iliyokufa. Mabati ya shule ya kilimani: lilipatikana bati moja, nalo lilikuwa picha. Chemchemi: watu waligombana juu ya jina la nani litaandikwa kwanza kwenye saruji, na saruji haikununuliwa. Miche ya parachichi: mtu mmoja alipanda, mbuzi wake mwenyewe akala, kundi zima likampa pole.

Kisha nikaenda kwa iliyofaulu. Yote ilikuwa maziko.

Kwa maziko watu wetu ni jeshi. Hema linasimama kabla machozi hayajakauka. Viti, wali, kwaya, pagne za kufanana, yaani vitenge vya sare, gari la kubeba mwili, kila kitu kina mwenyewe na mwenyewe anajulikana. Nikahesabu tena, maana hesabu ile haikunipendeza. Ikatoka vilevile.

Nilikuwa bado sijaituma ripoti shangazi yangu alipolazwa.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni maisha yake yote, na ndiye aliyenionyesha namna ya kutaja bei huku ukitazama pembeni kama mtu asiye na haja. Uvimbe tumboni ulikuwa unamtoa damu. Daktari alisema waziwazi: bila mifuko mitatu ya damu hatampasua, na bila kupasuliwa hatafika mbali. Damu ya aina yoyote ingefaa, hospitali ingeipokea na kumpa ya aina yake kutoka kwenye friji. Mimi nilikuwa nimeshatoa yangu siku aliyoingia, na muuguzi akakataa kunitoboa tena. Mwanawe wa pekee yuko Shabunda kwenye dhahabu, mahali simu haifiki. Likabaki kundi.

Niliandika vizuri, kwa heshima zote. Mama yetu mgonjwa, watu watatu tu, hospitali ni hii, njooni.

Majibu yalimiminika. "Courage maman." "Mungu iko mukubwa." Mmoja alisema yeye anameza dawa za presha na hata ndoo habebi. Wa Kamanyola aliandika kwamba barabara imeharibika kabisa, hata pikipiki hazipiti. Mwingine akauliza: "Kwani damu ya hospitali ilienda wapi?" Prezida akaweka sala ndefu aliyoikuta mahali. Na chini ya kila ujumbe, ile alama ya mikono ya kusali. Nilihesabu alama sitini na moja. Kila alama ina mikono miwili, kwa hiyo ilikuwa mikono mia moja ishirini na miwili, na hakuna hata mmoja uliofika kwenye sindano.

Kesho yake asubuhi nilimkuta shangazi amelala, midomo imekuwa rangi ya majivu. Ulimi ulikuwa mzima.

"Batu ngapi balijibu?"

"Sitini na moja, tantine."

"Na balikuya ngapi?"

Nikatazama dirisha.

"Basi weka mushumaa," akasema.

"Mushumaa gani?"

"Twala ile photo yangu ya ndoa ya mutoto wa jirani, ile niko navaa vizuri. Weka na mushumaa pembeni. Utaona kama barabara ya Kamanyola haitapona."

"Tantine, iko zambi ile."

"Zambi ya nani? Mufu ni miye. Miye njo naruhusu."

Basi nikaweka. Naomba niseme jambo hili sawasawa, maana hadi leo kuna watu wananitukana: sikuandika kwamba amekufa. Niliweka picha, nikaweka mshumaa, nikaandika, "Mama yetu. Tukutane mbele ya hospitali." Hayo mengine waliyaandika wenyewe, na waliyaandika haraka. Kabla sijanywa chai kundi lilikuwa na komite ya viti, komite ya chakula, na maman mmoja muuza vitambaa wa Ibanda ameshatuma picha ya pagne: zambarau yenye ndege weupe. Prezida akaandika, "Alikuwa nguzo." Nguzo hiyo ilipokuwa sokoni, yeye hakuwahi hata kununua sambaza zake.

Saa sita nilishuka getini. Walikuwa wamejaa. Wa presha alikuwa anashusha viti kutoka kwenye gari, vinne vinne, jasho halimtoki. Wa Kamanyola alikuwa amefika kabla ya watu wa Ibanda. Kwaya ilikuwa inajaribu sauti. Prezida, suti nyeusi, alikuwa ameshaanza hotuba.

"Ndugu zangu, leo tumeonyesha kwamba tukitaka tunaweza." Aliponiona akanishika bega. "Pole sana, papa. Mwili uko wapi?"

"Gorofa ya kwanza," nikamwambia. "Unakunywa uji."

Kwaya ikanyamaza, mmoja mmoja.

"Unasema nini?"

"Shangazi anakunywa uji. Anataka mifuko mitatu ya damu. Mumefika wengi, asanteni."

"Na pagne?" maman wa vitambaa akapiga kelele. "Nilishakata pagne! Nilikata ya batu makumi ine!"

"Ulitucheza! Ulisema alikufa!" mwingine akadakia.

"Nani aliandika kufa? Mutu afungue telefone yake, asome."

Wakafungua. Watu wote wale, nguo nyeusi, mbele ya geti la hospitali, vichwa chini wakisoma tena kwa vidole. Ndipo nikaona kwamba walikuwa wanaanza kurudi nyuma, taratibu, kila mmoja akitafuta mgongo wa mwenzake. Mteja akianza kurudi nyuma, kushusha bei hakumrudishi. Nikainua simu yangu juu na kuwasha kamera.

"Ubelgiji banatuangalia," nikasema. "Banauliza nani wa kwanza. Prezida?"

Alicheka kidogo, akarekebisha tai, akaingia chumba cha kutolea damu. Alikaa hata kwenye kiti chenyewe. Muuguzi, dada mpole, akamfunga mpira mkononi huku akimweleza kama anavyowaeleza wote: "Damu tunaipima magonjwa yote kwanza, papa. Na majibu tutakupa."

Mkono ukarudi ndani ya koti.

"Samahani. Niko na réunion, wananingoja ofisini."

"Réunion gani?" Alikuwa maman wa vitambaa, mlangoni, mikono kiunoni. "Si ulikuya kwa kilio cha siku muzima? Mufu akifufuka, réunion nayo inafufuka?"

Watu walicheka hadi nje. Na kamera ilikuwa inawaka.

Prezida akatoka kwa mlango wa nyuma. Maman wa vitambaa akakaa pale pale kwenye kiti chenye joto lake, akanyoosha mkono na kutazama ukuta. "Toa. Lakini mutanivalia pagne yangu, munasikia?" Baada yake akaja wa Kamanyola, kwa sababu wote walikuwa wanamtazama yeye na barabara yake. Wa tatu alikuwa wa presha. Walimpima, presha yake ikawa nzuri kuliko yangu.

Jioni hiyo mtu aliandika kwenye kundi: "Prezida anaogopa sindano ao anaogopa majibu?" Hapo hapakuwa na mikono ya kusali. Palikuwa na nyuso za kucheka, nyingi, nami nilizihesabu. Juma lile lile mke wa prezida alihamia kwa dada yake, na yeye akajiondoa kwenye kundi bila kuaga. Huenda aliogopa sindano tu. Wako wanaume wenye vifua vipana wanaozimia wakiona pamba. Ningeweza kuandika mstari mmoja wa kumtetea. Lakini mifuko mitatu nilikuwa nayo, na kwake sikuwa na kitu kingine cha kununua.

Shangazi alipasuliwa, akatoka. Kundi lilimchagua maman wa vitambaa awe prezida, na jambo lake la kwanza lilikuwa kunidai ripoti. Niliandika kwamba mradi wetu unafaulu ukiwa na vitu vitatu: mahali pa kuonekana, nguo ya kufanana, na mtu wa kumcheka anayekimbia. Mgonjwa hana hata kimoja. Wengi waliweka kidole gumba juu. Hakuna aliyesoma hadi mwisho, maana mwishoni nilikuwa nimewataja, na hakuna aliyelalamika.

Pagne nazo zilikuwa zimeshashonwa. Prezida mpya alikuja Bagira, nyumbani kwa shangazi, kumweleza kwamba watazivaa tu, kwa misa ya shukrani, kitambaa kisipotee.

"Na yangu iko wapi?" shangazi akauliza.

"Maman, kwa kweli hatukukuhesabu. Mufu havalake pagne ya kilio."

"Ongeza yangu. Na kitambala cha kichwa. Na weye mwenyewe utashona, uliuza pagne juu ya photo yangu."

Jumapili ile benchi nne za kanisa zilikuwa zambarau na ndege weupe. Shangazi alikaa katikati yao, amekonda, ameshikilia tumbo kwa mkono mmoja. Walimsalimia mmoja mmoja bila kumtazama machoni, naye alimjibu kila mmoja kwa kumtajia nyumba yake, ili ajue kwamba amemwona. Wakati wa kupeana amani, mwanamke mgeni wa benchi ya nyuma akainama, akamshika mkono kwa huruma.

"Pole sana, maman. Mulifiwa na nani?"

"Na miye," shangazi akasema, akaurudisha mkono wake kwenye tumbo.