Nusu Mwanakijiji

Nyumba yenye bati la bluu, ya kwanza upande wa kulia ukitokea Segese, ni yangu. Niliijenga kwa jasho langu. Nilikwenda Marekani na sweta moja, nikaogesha wazee wa watu usiku, nikasoma mchana, na stashahada yangu ya utawala wa umma imetundikwa sebuleni. Mgeni huiona kabla hajaona kiti. Leo nina makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu na vijana wananiita bosi. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba mtu aliyetengwa na kijiji mwaka huu hakuwa mlevi wala mwizi.

Kwetu ukitengwa hakuna anayekugusa. Hupewi moto, hupewi chumvi, hupewi salamu. Na si wewe tu, ni kaya yako nzima.

Chanzo kilikuwa msiba. Jirani alifariki nikiwa Runzewe nakagua injini, nami nikatuma rambirambi kwa simu, tena nono. Jioni ikarudishwa, ileile, bila neno. Msiba wetu huendewa na jembe: kila kaya hutoa mtu wa kuchimba kaburi na mtu wa kuchota maji. Kaya yangu haikutoa mtu, na haikuwa mara ya kwanza. Dagashida, yaani mkutano wa wenye kaya wote, ukaamua nitoe dume la ng'ombe liliwe na kijiji. Nikakataa. Nilisema sitozwi kwa sheria ambayo sikuulizwa. Wakanitenga.

Mimi ningevumilia. Nimekaa miaka katika nchi ambako jirani humsalimia mbwa wako kwanza. Lakini ninaishi na mama, na macho ya mama yamefifia. Watu wake anawajua kwa sauti. Kila asubuhi hukaa barazani kusubiri wanawake wanaokwenda shamba wamsalimie kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu", naye awaitikie, waulizane habari za magoti na mvua. Sasa walipita kimya, macho mbele.

"Leo hakuna watu?" aliniuliza.

"Wamewahi shamba, mama."

"Wote? Kila siku?"

Akaanza kuacha chakula. Alisema ugali wa peke yake hauteremki. Nilikaa naye tule, lakini mimi sina habari za magoti.

Nikaomba kusikilizwa. Mkuu wa dagashida nilikaa naye dawati moja shule ya msingi. Yeye akaishia darasa la saba.

"Haya, Mmarekani, sema. Polepole, tusiojua ndege tukufuate."

Nikawaeleza habari za Waingereza waliohamia Amerika, somo nililopata alama ya juu kuliko wenyeji wenyewe. Walipanda meli wakiwa na kibali cha kukaa mahali fulani, wakajikuta pwani nyingine, ambako kibali kile hakikuwa na nguvu. Baadhi yao wakaanza kusema kwamba wakishuka hapo hakuna wa kuwaamuru. Basi kabla ya kushuka, wanaume wakaandikiana: tutakuwa mwili mmoja, tutatunga sheria kwa faida ya wote, na tutazitii.

"Mfalme wao alikuwa mbali," nilisema. "Serikali ikazaliwa kwa watu kukubaliana."

"Safi sana. Wewe umekataa nini hapo?"

"Mimi sikukubaliana na mtu. Hiyo meli sikuwemo."

"Baba yako alikuwemo. Ndiye aliyemchimbia babu yangu kaburi."

Nilikuwa nimejiandaa. Nikawaambia kwamba hata kule walikwama hapohapo. Katika makoloni ya watu wa dini, kanisa lilikuwa agano, na wazee waliingia kwa kiapo. Watoto wakakua bila kuapa. Je, ni wa ndani au wa nje? Waligombana sana, mwisho wakawapa uanachama nusu: watambuliwe, lakini meza ya Bwana wasiikaribie na kura wasipige. Nami nikaomba hivyohivyo. Nitoe michango yote, nisichimbe, na nisinyooshe mkono mkutanoni.

Mkuu akainama mbele.

"Na ukifa, tukuzike nusu? Tuanzie kiunoni kwenda juu, au kushuka?"

Walicheka mpaka mjane wa marehemu akaziba mdomo kwa kanga. "Miguu ibaki nje!" mmoja alidakia. "Itasaidia kuanikia!"

Kicheko kilipokwisha, mkuu alinitazama bila utani. "Na mama yako je? Tumsalimie nusu?"

Mikono ikanyooshwa kulikataa ombi langu. Wengi wakashinda, kama wale Waingereza walivyotaka. Kuna sehemu ya somo sikuisema: watu walewale wa agano walimfukuza wakati wa baridi kali mtu aliyewapinga, aende atakakojua. Ingewasaidia wao.

Nilichoka ghafla, kama nilivyokuwa nikichoka alfajiri zamu ikiisha na bado kuna basi la kusubiri. Ningeweza kubishana hadi mwezi ujao, hoja ninazo. Mama hakuwa na mwezi wa kukaa barazani peke yake.

Nikanunua dume kubwa kuliko waliloagiza, mtu asije akasema. Wakalichinja uani kwangu. Mama alikaa katikati ya wanawake, akinyoosha mkono kugusa uso wa kila aliyefika, na alikula.

Tangu hapo nimeshachimba makaburi. Viganja vyangu vimerudia malengelenge ya utotoni, na pembe za mashimo yangu ni za mraba kuliko za yeyote. Hata mkuu amekiri. Jembe linakaa kwenye buti la gari.

Asubuhi nataka kulala kidogo. Haiwezekani. Wanafika barazani kabla jua halijapanda, na kelele zao zinapita dirishani.

"Mwangaluka, mayu!"

"Mwangaluka. Goti lako vipi?"

Najifunika shuka kichwani. Wanaendelea.