Salamu za Sekela

Mwanangu, siku ile naikumbuka kwa baridi yake. Ilikuwa Iringa, mchana, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabati, na mama mmoja kutoka Chunya alisimama mlangoni mwa ukumbi akimuulizia binti yake. Nimetembea sana tangu siku hiyo, maana mimi kukaa mahali pamoja sijui, lakini mama yule hajawahi kubaki nyuma yangu.

Nianzie mbali kidogo usije ukapotea. Nilikuwa mpiga besi katika bendi ya vijana watatu wa Mbeya. Tulipiga roki. Watu wa mtaani walituuliza kama magitaa yetu ni mabovu, na Ambi, mwimbaji na mpiga gitaa wetu, akawajibu, "Ni mabovu, ndiyo maana yanalia." Alikuwa na mdomo mwepesi. Mdomo mwepesi, mwanangu, hufika kabla ya mwenyewe.

Wimbo wetu wa kwanza uliitwa "Vumbi". Ambi alitaka mwangwi ambao studio za mjini hazikuwa nao, basi tukaenda Chunya, tukaomba bani tupu, lile jengo la kukaushia tumbaku kwa moto. Jenereta tuliiweka mbali shambani, tukafunga mlango kwa ndani, tukarekodi kwa kompyuta. Kuta zilikuwa nyeusi kwa moshi wa miaka. Tulikuwa watatu tu.

Tuliporudi Mbeya tukasikiliza. Kwenye kiitikio cha mwisho, pale magitaa yanaponyamaza, palikuwa na mwanamke anaimba. Hakutamka neno. Aliimba mdomo ukiwa umefumbwa, taratibu, kama mtu aliye peke yake kazini, asiyejua kwamba anasikilizwa. Gide, mpiga ngoma wetu, alivua hedifoni akaziweka mezani, na siku ile hakuzigusa tena.

"Tumfute," akasema.

"Ufute nini? Huo ndio wimbo wenyewe!" akasema Ambi.

Na kweli, ukawa ndio wimbo wenyewe. Redio ya pale mjini ilipoanza kuupiga, wale wale waliotucheka wakawa wanauliza: yule dada ni nani? Saluni wanauliza, kijiwe cha bodaboda wanauliza. Besi yangu hakuna aliyeiulizia hata siku moja.

Mtangazaji akatuita. Naye akauliza hilo hilo. Tungesema tu hatumjui. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na si aibu kusimama gizani ukasema huoni. Lakini Ambi aliona aibu. Akacheka mbele ya kipaza sauti akasema, "Yupo, ni mwenzetu, ana haya tu. Anawasalimu wote nyumbani Chunya, hasa hasa mama yake. Anasema mama asiwe na wasiwasi." Mimi nilikuwa pembeni yake, nikatabasamu. Salamu za redio unazijua zilivyo, watu huzimwaga kama pumba za kuku. Nani angeziokota?

Ndipo siku ile ya Iringa. Tulikuwa tumekwenda kupiga katika ukumbi aliousimamia Mzee Sanga, mjomba wake Gide, mwalimu wa kwaya. Asubuhi alikuwa ametupokea kwa salamu ya kwao na utani, "Kamwene, wapiga kelele! Mkiyang'oa mabati yangu, mtayarudisha?" Mchana, mama akatokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Nimekuja kumwona Sekela. Nimemletea sweta, nasikia huku baridi inauma."

Sekela alikuwa binti yake wa pekee. Aliaga kwamba anafuata machimbo ya dhahabu, na miaka ikapita bila habari. Mama alisikia wimbo kwa jirani, akaijua sauti. Kisha akasikia salamu, na tangazo kwamba tutapiga Iringa, akafunga safari.

Mzee Sanga alimpa mama kiti, akatuvuta nyuma ya jukwaa. "Huyo binti yuko wapi?"

Tukamweleza. Hakupaza sauti.

"Nitamwambia ametoka, atarudi kesho," Ambi akasema. "Ukweli utamuua, mzee."

"Utamuumiza," akasema Mzee Sanga. "Uongo wa kwanza umemtoa mama Chunya mpaka Iringa. Wa pili utampeleka wapi? Nenda. Na upige magoti."

Ambi alikwenda. Alisema kila kitu: kwamba hatumjui Sekela, kwamba mlango ulikuwa umefungwa, kwamba salamu alizitunga yeye. Mama akauliza, macho makavu:

"Mliimbia wapi?"

Ambi akamtajia bani na shamba lake.

"Hapo ndipo alipofanya kazi msimu wake wa mwisho, kabla hajaniaga," mama akasema. "Alikuwa anachochea moto, anaimba hivyo hivyo, asisinzie."

Hatukupiga jioni ile, na watu walitutukana mpaka getini. Kesho yake tukampeleka Chunya. Aliingia ndani ya bani peke yake, akavuta mlango. Sisi tulisimama juani. Tukamsikia akiimba, mdomo ukiwa umefumbwa. Kisha sauti zikawa mbili.

"Mwangwi," Gide akanong'ona.

Mwangwi hufuata sauti, mwanangu. Ule ulitangulia.

Mama alipotoka alifunga mlango kwa upole, kama anayemwacha mtoto amelala. "Wimbo wenu uacheni uimbe," akatuambia. "Ila msiniletee tena salamu zake. Akitaka kunisalimu, njia anaijua."

Ambi alirudi redioni akasema kweli. Wapo walioacha kuuomba wimbo, na wapo ambao mpaka leo huzima redio kabla ya kiitikio cha mwisho. Bendi nayo ikafa polepole.

Basi nisikilize, mwanangu. Usimsemee mtu usiyemjua, awe hai au asiwe hai. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema sijui, hata kama kipaza sauti kiko mbele yako na watu wanasubiri wafurahi. Neno ulilolitupa kwa mzaha lina mahali linapofika, na huko kuna mtu amekaa analingoja. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Usiuguse kwa kucheza.

Mungu akulinde safarini. Akupe ulimi mzito pale utakapotamani kupendeza, na kila unayemngoja afike mlangoni kwako kwa miguu yake mwenyewe. Amina.